Kiungulia kisichokwisha: mwongozo kamili kwa anayesumbuliwa na asidi inayopanda kooni

Saa nane za usiku ndiyo saa yake. Umelala vizuri, mara unashtushwa na moto unaopanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni. Mdomoni uchungu, kifuani kikohozi. Unakaa kitako, unakunywa maji, unabeua, unasubiri kupambazuke. Asubuhi unakwenda duka la dawa la mtaani.

"Dada, vidonda vya tumbo vimeamka. Nipe omeprazoli."

"Za shilingi ngapi, kaka?"

Mazungumzo hayo niliyarudia kwa miaka sita, na mna makosa mawili ndani yake. Kosa la kwanza ni jina la ugonjwa: sikuwa na vidonda. La pili ni kununua dawa ya wiki nane kama mtu anayenunua karanga, vidonge vinne leo, vitatu Ijumaa. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha chini akanieleza mwaka wa kwanza.

Asidi imepotea njia

Tumbo zima lazima liwe na asidi kali. Kila siku hutoa lita moja na nusu hadi mbili za maji ya kumeng'enyea chakula, na ukali wake huua vijidudu vingi tunavyovimeza na kachumbari bila kujua. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limepakwa ute mzito kwa ndani. Umio, yaani ule mrija wa sentimita kama 25 unaoshusha chakula kutoka kooni, haukujaliwa ute wa namna hiyo.

Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo. Mimi nauita kilango. Ukimeza hufunguka, tonge likishapita hujifunga. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukibana kilango kwa nje kama mkono ulioshika shingo ya gunia. Kiungulia cha kudumu huanzia hapo: kilango hulegea wakati hujameza kitu, na vilivyomo tumboni vinarudi juu. Kwa baadhi ya watu sehemu ya juu ya tumbo imepenya tundu la kiwambo ikakaa kifuani, hiyo ni ngiri ya kiwambo, na ule mkono wa kushika gunia haufanyi tena kazi sawasawa.

Kwa hiyo wengi wetu hatuna asidi nyingi kuliko jirani. Tunayo ileile, ila imefika pasipo mahali pake. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya niache kuhangaika na orodha ya vyakula vya marufuku (niliwahi kukaa miezi mitatu bila nyanya wala pilipili, na nikaungua vilevile) nikaanza kuhangaika na saa ya kula na namna ya kulala.

Vidonda vya tumbo ni jambo lingine. Hivyo ni majeraha kwenye utando wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo, na vyanzo vyake vikuu ni viwili: bakteria anayeitwa H. pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Maumivu yake hukaa pale pale chembe cha moyo, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Kiungulia chetu hupanda, na hupenda kuja baada ya kushiba, ukiinama au ukilala. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, ndiyo maana kukisia kuna mwisho wake.

Wapo pia wasioungua kabisa. Mwalimu anayeamka sauti imekwaruza kila siku, mwadhini anayekohoa usiku tu, mtu anayehisi donge kooni lisilomezeka, meno yanayolika kwa nyuma. Hayo yote yanaweza kuwa asidi inayofika juu usiku, japo yana visababishi vingine pia na daktari atataka kuvitazama.

Kabla ya yote: nani asijitibu nyumbani

Sehemu hii usiiruke. Nenda hospitali, tena usikawie, ukiwa na lolote kati ya haya:

- chakula kinakwama au kumeza kunauma
- unapungua uzito bila kutaka
- unatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa
- choo ni cheusi, kinanata kama lami (vidonge vya madini chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, mwambie daktari kama unavimeza)
- umepungukiwa damu na haijulikani inapotelea wapi
- unatapika mara kwa mara, au kiungulia kimekuanza ukiwa umeshavuka miaka 60

Maumivu ya kifua yana habari yake. Yakija na jasho jembamba, pumzi kukatika, au yakasambaa mkononi, shingoni au kwenye taya, au yakija ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, hayo yachukulie kuwa ya moyo mpaka kipimo kiseme vingine. Usinywe dawa ya gesi ukasubiri.

Kuhusu chakula kukwama nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kuna ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kuendelea kusini, ambako saratani ya umio inaonekana kwa wingi usio wa kawaida, na huko magharibi mwa Kenya wamepatikana wagonjwa hata wa chini ya miaka 30. Saratani hiyo kwa sehemu kubwa si ile inayoletwa na kiungulia. Ni aina nyingine, na miongoni mwa yanayoshukiwa ni tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Watafiti waliopima chai Kilimanjaro walikuta wanywaji, kwa wastani, wakianza kuinywa ikiwa na joto la nyuzi kama 70. Wanaoisifia chai "inayochemka" mnanielewa. Iache ipoe dakika chache. Na chakula kikianza kukwama, hata kama una miaka 28, usiambiwe ni gesi ukakubali.

Hatua ya kwanza: daftari la wiki mbili

Chukua daftari la shule la bei ndogo. Kila siku andika mambo manne: ulikula nini cha mwisho, saa ngapi, ulilala saa ngapi, na kiungulia kilikuja lini. Basi. Usibadilishe chochote bado. Andika pembeni dawa zote unazomeza, hata zile za kichwa za kununua dukani.

Langu lilinishangaza. Nilikuwa na hakika kuwa adui ni maharage. Baada ya siku 14 nikaona usiku mbaya ulikuwa kumi na mmoja, na katika tisa kati ya hizo nilikula baada ya saa tatu usiku na kulala kabla ya saa nne na nusu. Maharage yalikuwamo mara tatu tu.

Ukiona kiungulia kinakuja mara mbili au zaidi kwa wiki, na hali hiyo imeendelea kwa wiki kadhaa, hiyo si ya kumezea Eno tena na kusahau. Endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: saa tatu kati ya sahani na mto

Tumbo lililojaa huchukua saa kadhaa kupeleka chakula mbele, na mlo wenye mafuta mengi hukaa zaidi. Ukilala kabla ya hapo, kilango kinalala ndani ya bwawa. Kanuni ni saa tatu: kama unalala saa nne usiku, tonge la mwisho liwe saa moja jioni.

Rahisi kusema. Mtu anayetoka kazini Posta, Dar es Salaam, saa kumi na moja, akashindana na foleni, akafika Mbagala au Kimara saa mbili, chakula kinaiva saa tatu, atafanyaje? Nimejaribu mengi, na kilichodumu ni kugeuza ukubwa wa milo. Kile ugali mkubwa ukauhamishia mchana. Saa kumi na moja, kabla ya kupanda gari, kula kitu cha maana: ndizi mbivu na karanga chache, kiazi kitamu cha kuchemsha, mkate na yai la kuchemsha. Ukifika nyumbani, sahani ndogo: uji wa ulezi, wali kidogo na mchicha, au samaki wa kuchemsha. Watoto wakile chao kikubwa, wewe kaa nao mezani na cha kwako kidogo. Nyumba nyingi kutokula na wenzako ni tusi, basi usisuse, kula kidogo.

Maji pia. Lita nzima baada ya kula usiku ni mzigo uleule. Kunywa mchana.

Na baada ya mlo wa mchana, kile kilalo cha kwenye kochi mwili ukiwa umekunjwa katikati kama barua, kiache. Tembea hata kama ni hadi dukani na kurudi. Kutafuna ubani wa dukani kwa nusu saa baada ya kula husaidia pia, kwa sababu mate huongezeka, na mate yana chumvichumvi inayopunguza makali ya asidi iliyobaki kwenye umio. Ila usiwe wa mnanaa; mnanaa hulegeza kilango kwa baadhi ya watu.

Hatua ya tatu: inua kitanda, usiinue mito

Hii ndiyo iliyonibadilishia maisha, na gharama yake ilikuwa matofali mawili.

Watu hupanga mito mitatu. Mito hiyo inainua kichwa na kukunja tumbo, na tumbo likikunjwa linasukuma vitu juu. Kinachotakiwa ni mwili mzima, kuanzia kiunoni, uwe kwenye mteremko. Weka tofali au kipande cha ubao imara chini ya kila mguu wa kichwani, kitanda kipande sentimita 15 hadi 20. Tofali la kulazwa lisipofikia hapo, ongeza ubao. Hakikisha miguu haitelezi: chimba kishimo kidogo kwenye ubao au gongomea vipande vya kuzuia pembeni. Kitanda cha sita kwa sita kikishuka usiku wa manane, mtaa mzima utaamka.

Mwenzako wa kitanda atalalamika kwa siku tatu kwamba anateleza. Atazoea. Kama hataki kabisa, tafuta fundi wa godoro akukatie sponji la umbo la kabari, refu la kutosha kubeba mgongo wote, uweke upande wako peke yako. Anayelala chini kwenye mkeka au godoro anaweza kutumia kabari hiyohiyo.

Kisha lalia ubavu wa kushoto. Tumbo limekaa upande wa kushoto na umio unaingia kwa juu upande wa kulia wake, hivyo ukilalia kushoto mlango unakuwa juu ya bwawa. Ukilalia kulia, bwawa linakuwa juu ya mlango. Niliposhona mfukoni mwa fulana, upande wa kulia, mpira mdogo wa tenisi ili nikigeuka unichome, mke wangu alicheka wiki nzima. Ulifanya kazi.

Hatua ya nne: chakula, lakini kwa ushahidi wako mwenyewe

Orodha za mtandaoni zinakataza nusu ya soko la Kariakoo. Ukizifuata zote utabaki na uji na huzuni. Baadhi ya vitu kweli huwasumbua wengi: vyakula vya kukaanga kwa mafuta mengi (chipsi mayai, maandazi, bajia, chapati zinazomeremeta), chokoleti, kahawa, soda, pombe, na vinavyochoma umio uliokwisha kujeruhika kama ndimu, nyanya, pilipili na embe bichi. Urojo wa Zanzibar una karibu kila kitu hapo kwa bakuli moja, Mungu anisamehe, bado nakula mara moja kwa mwezi, saa sita mchana.

Namna ya kujua chako ni hii. Rudi kwenye daftari. Chagua washukiwa wawili au watatu waliojirudia usiku mbaya. Waondoe kwa wiki mbili. Kisha mrudishe mmoja tu, mchana, kwa kiasi cha kawaida, utazame siku tatu. Akipita, mwache aendelee kuishi nawe. Mimi pilipili ilipita. Kahawa chungu ya jioni barazani haikupita, na hiyo iliniuma zaidi kuliko kiungulia.

Maziwa yanastahili neno lake, kwa kuwa kila bibi anayasifia. Yanapoza kweli, dakika kadhaa. Baadaye protini na kalsiamu iliyomo huchochea tumbo litoe asidi zaidi, na mafuta yake huchelewesha tumbo kumaliza kazi. Glasi nzima ya maziwa usiku kabla ya kulala ni mkopo wenye riba. Magadi na baking soda huzima asidi papo hapo, lakini huzaa gesi inayolifurisha tumbo, na zimejaa sodiamu. Eno ni ya ukoo huohuo: pakiti moja ya gramu 5 ina sodiamu inayokaribia gramu 1, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku nzima kutoka vyakula vyote. Mwenye presha asiifanye kuwa ya kila siku.

Mambo madogo yenye nguvu

Legeza mkanda. Khanga au msuli wa kuvaa uliofungwa kwa fundo la kukaza tumboni una kazi ileile ya kukamua. Kufua na kupiga deki kwa kuinama kufanyike kabla ya kula. Kama kitambi kimeongezeka miaka hii miwili na kiungulia kikaja pamoja nacho, kupunguza hata kilo chache kunaonekana kwenye daftari. Sigara hulegeza kilango na kukausha mate. Acha.

Tazama pia dawa zako. Diklofenaki na wenzake hujeruhi tumbo na umio. Amlodipini na nifedipini za presha hulegeza misuli ya mviringo, kilango kikiwamo. Usiziache mwenyewe, mwulize daktari kama kuna mbadala. Doksisaiklini na vidonge vya madini chuma vikikwama njiani huunguza umio kabisa, kwa hiyo vimeze kwa bilauri nzima ya maji, umesimama au umekaa, usilale nusu saa inayofuata.

Hatua ya tano: dawa, na namna zinavyomezwa vibaya

Ziko familia tatu.

Kuna za kuzima moto ulioshawaka: vidonge vya kutafuna vya magneziamu na aluminiamu, na zile za maji zenye alginati, zinazotengeneza povu zito linaloelea juu ya chakula kama kifuniko. Hizi huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, ila hazitibu umio uliochubuka. Alginati inywe baada ya kula na wakati wa kulala.

Kuna famotidini na jamaa zake, zinazopunguza asidi kwa saa kadhaa. Ranitidini, ambayo wengi tuliizoea, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayoweza kusababisha saratani. Kama kuna pakiti kongwe kabatini, itupe.

Halafu wapo wenye majina yanayoishia na "prazoli": omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli. Omeprazoli iliingia sokoni 1988 na ikabadilisha kabisa tiba ya asidi. Ndani ya ukuta wa tumbo mna pampu ndogondogo za kutoa asidi, na dawa hizi huzifunga. Lakini huzifunga zile zilizo kazini tu, na pampu huingia kazini chakula kinapokuja. Ndiyo maana kidonge kinamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, dawa iwe imeshaingia kwenye damu pampu zinapoamka. Ukimeza baada ya kushiba, au usiku ukishaungua, umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Pia haifikii nguvu zake zote siku ya kwanza. Huchukua siku kadhaa mfululizo. Sasa unaona ubaya wa vidonge vinne leo na vitatu Ijumaa.

Mpango wa kawaida kwa mtu mzima asiye na dalili za hatari ni kidonge kimoja, omeprazoli ya miligramu 20, kila siku kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki 4 hadi 8. Kama shida yako ni ya usiku, mwulize daktari kuhusu kukimeza kabla ya chakula cha jioni. Usikitafune wala kukisaga. Punje za ndani zimepakwa ngozi ili zisiharibiwe na asidi kabla ya kufika utumboni. Wiki nane zikiisha bila nafuu, hilo si tangazo la kuongeza vidonge. Ni wakati wa kupimwa.

Migongano ambayo mwenye duka huenda asikuulize: anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri azimeze saa mbili kabla ya vidonge vya magneziamu na aluminiamu, au saa sita baada yake, la sivyo dawa hainyonywi ipasavyo. Atazanaviri na rilpivirini hazipatani na familia ya "prazoli". Siprofloksasini na doksisaiklini nazo hunaswa na vidonge vya magneziamu. Klopidogreli, ya kuzuia damu kuganda, ina ugomvi na omeprazoli. Sema dawa zako zote, hata kama foleni nyuma yako inakohoa.

Kuachana na omeprazoli bila vita

Ukiimeza kwa miezi kisha ukaikata ghafla, tumbo hulipiza: kwa wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, hutoa asidi kuliko zamani. Wengi hudhani ugonjwa umerudi wakaanza upya. Punguza polepole: siku moja meza, siku moja acha, kwa wiki mbili hadi nne, na siku za mapumziko ziba pengo kwa alginati. Matofali yabaki.

Wapo wasiotakiwa kuiacha: waliokutwa na michubuko mikali ya umio, waliobadilika utando kwa hali iitwayo Barrett, na wengine wanaotumia asprini au dawa za maumivu kila siku kwa amri ya daktari. Kwa hao faida inazidi hasara. Hasara zenyewe, kwa matumizi ya miaka, ni upungufu wa vitamini B12, magneziamu na madini chuma, na maambukizi ya utumbo kuwa rahisi kidogo. Mwombe daktari azitazame mara mojamoja.

Vipimo: usipimwe ovyo

Kipimo cha damu cha H. pylori kinapatikana kila kona, na ndicho kilichonipoteza mimi. Kinapima askari wa mwili, na askari hubaki miaka hata baada ya bakteria kufa. Nilimaliza tiba ya mchanganyiko wa dawa mara tatu kwa kipimo kilichokuwa kinasema ukweli wa zamani. Kinachoonyesha bakteria aliye hai ni kipimo cha choo au cha pumzi. Ili kisidanganye, acha dawa za "prazoli" wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne kabla. Na hata ukikutwa naye, kumtibu ni jambo jema kwa ajili ya vidonda, ila usitegemee kiungulia kiondoke naye.

Endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera, hufanywa kwa mwenye dalili za hatari, kwa ambaye dawa iliyomezwa vizuri haijamsaidia, na kwa mwenye kiungulia cha miaka mingi ambaye daktari anaona ana vihatarishi. Unafunga kula kwa muda wa saa sita hadi nane kabla yake. Koo hupuliziwa ganzi, wengine hupewa na dawa ya usingizi mwepesi. Kipimo chenyewe ni dakika chache, kero yake kubwa ni kichefuchefu cha mwanzo. Pumua kwa pua, acha mate yatiririke. Umio ukionekana safi usiseme umedanganywa. Wengi wenye kiungulia cha kweli hawana mchubuko unaoonekana.

Mjamzito na mfungaji

Ujauzito hulegeza kilango kwa homoni na mfuko wa uzazi husukuma kutoka chini, kwa hiyo miezi ya mwisho ni moto mtupu. Wanasema mtoto ana nywele nyingi. Cha kuchekesha, utafiti mdogo wa Marekani wa 2006 ulikwenda kuikanusha imani hiyo ukakuta uhusiano! Kwa mama, milo midogo, kitanda cha mteremko na alginati ndiyo mwanzo. Udongo wa Pemba usiwe dawa, unanasa madini chuma na unaweza kuleta minyoo, na magadi nayo aachane nayo.

Ramadhani nafungua kwa tende, maji na uji, naswali, ndipo nakula mlo wenyewe, nao si mlima. Kaimati mbili, si sita. Daku ndiyo mtihani, maana ukimaliza tu usingizi unakuita. Naila mapema kadiri inavyoruhusu, nyepesi, na nakaa mpaka alfajiri. Aliye kwenye dawa anaweza kuimeza nusu saa kabla ya daku au ya mlo wa jioni, kwa kukubaliana na daktari wake.

Usiku wa harusi

Kila mwongozo unasahau harusi. Kadi imeandika saa kumi na mbili jioni, bwana harusi anaingia saa tatu, pilau inafunguliwa saa tano. Saa moja, kabla ya kutoka nyumbani, kula bakuli la uji au ndizi mbili ili usifike ukumbini na njaa ya simba. Kwenye foleni ya chakula chukua wali kiganja kimoja, nyama isiyo na mafuta, kachumbari ya kuonja. Maji badala ya soda. Cheza muziki, kusimama ni tiba. Ukirudi saa saba usiku, kunywa alginati, kaa kwenye kiti saa moja ukichambua zawadi zilizotolewa na nani kavaa nini, kisha panda kitandani ulalie kushoto. Ile sahani ya kubeba nyumbani iliyofungwa kwa foili, iweke kwenye friji. Ni ya kesho saa saba mchana.